Nataka Kwenda Mlimani Peke Yangu

Jumapili, 4 Desemba 1988

Nimerudi kanisani nimechoka kuliko nilivyoenda. Mahubiri marefu. Halafu matangazo. Halafu mkutano wa akina mama. Halafu nje mtu ananivuta mkono — Sista, hebu angalia huyu mtoto, ana upele. Nimestaafu ukunga tangu mwezi wa sita na hakuna anayetaka kusikia hivyo. Nimezalisha nusu ya Matinyani, na sasa hiyo nusu inaniletea watoto wake mlangoni kama zahanati imehamia kwangu. Kidogo tu, Sista. Marehemu Ndolo wangu alikuwa akisema nitazikwa na glavu mkononi. Ametangulia yeye, maskini, na mimi glavu bado ninazo.

Alfajiri nilipanda kilimani kumtafuta mbuzi aliyekata kamba. Mvua ya juzi imesafisha hewa na Mlima Kenya ulionekana wote, mabega yake na ule weupe juu. Huonekana siku chache tu kwa mwaka. Tangu nikiwa msichana wa kuteka maji nimeuona hivyo, mbali, nikaendelea na shughuli zangu. Leo nilisimama pale mpaka mbuzi ndiye akanipata mimi.

Nataka kwenda kule. Kwa miguu, mzigo wangu mgongoni, nilale huko juu, nitokee upande wa pili. Peke yangu. Nisiulizwe kitu, nisijibu kitu. Nimeandika hapa ili kesho nione kama ni upuzi.

Jumatatu, 5 Desemba

Ni upuzi, lakini haujaondoka.

Jumatano, 7 Desemba

Kitui mjini, dukani kwa Mwanahamisi. Anauza mitumba karibu na msikiti, na ndiye mtu pekee ninayemjua anayeweza kukaa na mwenzake bila kumchimba habari. Nilimpokea mwanawe Hemedi akizaliwa, miguu ikitangulia, na tangu siku hiyo kiti changu kiko pale nyuma ya nguo. Nilimwambia nataka koti la baridi kali na buti. Akacheka. Aliponiona sicheki, akaacha. "Mama Kiema, barafu unaitakia nini na umri huu?" Nikasema nataka kunyamaza. Akasema kama ni kunyamaza tu nije siku ya Ijumaa mchana wakifunga duka, atanipa mkeka. Lakini alikuwa tayari amepanda juu ya balo la nguo kutafuta koti.

Nimepata koti la jeshi, la nchi gani sijui, zito kama ndama. Buti za kiume. Na begi la mgongoni la Wazungu, lenye vyuma ndani.

Mumewe Jabiri aliendesha lori la mbao kule Chogoria miaka mingi. Alinichorea njia kwa kidole juu ya sinia: msitu, halafu mianzi, halafu nyasi, halafu mawe matupu. Msituni kuna nyati. Getini hawamruhusu mtu kuingia peke yake, lazima awe na mwenzake au achukue kiongozi. Na akasema watu huugua kule juu, hewa ni nyepesi. Kichwa kinauma, mtu anatapika, anayumba kama mlevi, na dawa ni moja tu, ashushwe. Nikamwambia hiyo ni kazi yangu, najua. Kiongozi wa kulipwa si neno. Mtu nisiyemjua hatanieleza habari za ng'ombe wake.

Jumamosi, 10 Desemba

Ng'ombe! Leo mwethya ilikuwa kwa Kalondu. Sisi ni wanawake kumi na mmoja, wiki hii tunalima kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, na asiyekuja anatozwa kuku. Kalondu ndiye mwenyekiti. Pia ndiye jirani yangu, Mungu anajua kwa nini. Tulikuwa tunachimba matuta ya fanya juu, ya kuzuia udongo, jua kali, na tangu jembe la kwanza mpaka la mwisho alitueleza jinsi ng'ombe wake alivyozaa. Nilikuwepo ng'ombe akizaa. Mimi ndiye niliyemvuta ndama. Alinieleza mimi pia.

Si mtu mbaya. Akipika kitu kizuri nusu inaruka ua inakuja kwangu. Lakini anaanza kuongea nikifungua dirisha na anamaliza nikilifunga, na hata baada ya hapo namsikia akiongea na kuku.

Sijamwambia.

Jumanne, 13 Desemba

Nimejaribu begi la Wazungu. Bure kabisa. Mabega yangu hayajui kubeba. Tangu nikiwa mtoto mzigo wangu unaning'inia kutoka kipajini kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi, na shingo ndiyo inayofanya kazi. Mabegani mzigo unanivuta nyuma kama mtu anayetaka tugombane. Nimekata zile kamba zake na kushona mukwa wa mama yangu mahali pake. Sindano ya gunia imenichoma vidole vitatu. Sasa linakaa mahali linapotakiwa kukaa, pale chini ya kiuno.

Mwanahamisi akiliona nilivyolikata atalia.

Jumatatu, 19 Desemba

Kila asubuhi nalijaza begi mawe kule kisimani, nafuata njia ya mbuzi mpaka juu ya kilima, nashuka. Magoti yanalia lakini yanafika. Pumzi ninayo.

Kumbe nimekuwa habari ya soko. Wengine wanasema najenga nyumba kwa siri, nasomba mawe mwenyewe nisilipe fundi. Wengine wanasema ni adhabu nimejipa kwa dhambi gani sijui. Mke wa mwenye posho mill ya kusaga unga amesema kustaafu kumenipanda kichwani. Huyo ndiye aliyekaribia ukweli.

Jumatano, 21 Desemba

Kalondu ameruka ua. "Mama Kiema, hayo mawe ni ya nini?" Nilikuwa nimechoka, sikuwa na nguvu ya kutunga uongo. Nikamwambia yote. Mlima, koti, kulala huko, kuvuka. Sikusema lile neno "peke yangu", nilidhani linajieleza.

Alitazama begi, akatazama mawe. Halafu akasema, "Tunaenda lini?"

Tunaenda.

Jumamosi, 24 Desemba

Ameipeleka mwethya. Baada ya kulima tulikaa chini na safari yangu ikawa ajenda. Mwanachama mmoja aliuliza kama tutabeba majembe. Mwingine akauliza shamba lenyewe ni la nani kule mlimani. Nilieleza kwamba hakuna kazi, ni kutembea tu na kurudi. Walinitazama kwa huruma. Basi wakajadili wote kumi na mmoja twende, kwa sababu sheria ya kikundi ni kwamba mzigo wa mwanachama unabebwa na kikundi, na hakuna aliyeandika kwamba sheria inaishia Kitui. Nusu saa nzima niliona safu ya wanawake wakipanda barafuni wakiimba.

Mwishowe wamekubaliana kwamba wengine wana watoto na mifugo, basi mwenyekiti atawawakilisha. Wakapiga makofi. Nilipiga makofi na mimi, ningefanya nini.

Jumatatu, 26 Desemba

Kiema amekuja na mke wake na watoto tangu juzi. Nyumba imejaa, nimepika mpaka mikono imekufa ganzi. Leo wakati wa kuondoka mwanangu amenishika mkono akaniambia ana habari njema. Msichana wao wa kazi ameolewa. Mwisho wa mwezi wa pili atakuja na gari kunichukua nikae nao Nairobi, niwaangalie watoto. "Utapumzika, Mama." Watoto watatu, wa mwisho hajaanza kutembea. Mke wake alikuwa pale nyuma anatazama chini, amechoka kama mimi nilivyokuwa wakati wa kulea. Ningemkatalia namna gani huyo mkwe wangu?

Nilisema sawa.

Nikamtajia mlima. Akacheka akasema, na presha yako? Sina presha. Sijawahi kuwa na presha.

Kwa hivyo ni sasa, Januari au mwanzo wa Februari, kukiwa bado kukavu. Baada ya hapo ni Nairobi, na kutoka Nairobi mwanamke wa umri wangu harudishwi mpaka amebebwa. Kitu kimoja nimejitakia tangu nizaliwe. Kimoja.

Alhamisi, 5 Januari 1989

Pasta amenitembelea. Amesikia. Alizunguka sana kabla ya kufika: je, nakwenda kuomba nikielekea mlima, kama watu wa zamani? Nikasema nakwenda kutazama kazi ya Mungu. Ukweli ni kwamba nakwenda mahali ambapo hata yeye sitamsikia, lakini ni mtu mwema, ana watoto saba. Ameombea magoti yangu. Kwa mara ya kwanza maombi yake yalikuwa mafupi.

Alhamisi, 12 Januari

Nimeamua. Kalondu nimemwambia tutaondoka Februari. Mimi nitaondoka Jumatatu hii, alfajiri, kabla hajafungua kuku. Nitaacha ujumbe kwa Mwanahamisi. Atakasirika, kikundi kitanitoza kuku, nitawapa mbuzi wakitaka.

Si vizuri. Najua si vizuri. Lakini nikifikiria siku zile zote juu kule na ile sauti nyuma yangu, ndama, ua, bei ya mahindi, nahisi kichwa kinafungwa kamba. Nimechoka na watu. Hakuna aliyenikosea. Nimechoka tu.

Jumatatu, 16 Januari

Niko nyumbani.

Niliamka mapema, nikafunga kila kitu. Koti, blanketi, sufuria, unga, sukari, dawa. Nikaketi chini mbele ya mzigo, mgongo ukiugusa, nikapitisha mukwa kipajini, nikainama mbele kuinuka. Sikuinuka.

Nikajaribu tena. Nikakunja miguu vingine. Nikageuka kwa magoti, mzigo ukaniangusha ubavuni, kuku wakasimama kutazama. Nikapunguza unga. Bado. Nikapunguza sufuria. Bado. Ndipo nikaelewa, nimekaa pale kwenye vumbi na mkanda kichwani. Kubeba najua. Kuinuka sijui. Kila asubuhi mawe yangu nilikuwa nayajaza kisimani, na kisimani kuna wanawake, na mwanamke akiketi mbele ya mzigo wake yeyote aliye karibu anampa mikono miwili na kumvuta. Huombi. Hushukuru. Hata hukatizi mazungumzo. Tangu nikiwa na mtungi wa mtoto sijawahi kuinuka na mzigo mzito bila mikono ya mtu mwingine, na nimefika miaka hamsini na tisa sijawahi kuiona.

Kiongozi wa kulipwa angeweza kunivuta, ndiyo. Lakini kutoka hapa mpaka kwake ni stendi ngapi za kuinuka na mzigo?

Ua likatikisika. Kalondu. Alikuwa tayari anaongea, ndama amekataa kunyonya upande mmoja, na huku akiongea akanipa mikono, akanivuta, nikasimama. Akaona buti. Akaona koti. Akatazama njia, akanitazama mimi. Akasema, "Basi ngoja nichukue begi langu."

Lilikuwa limefungwa tangu Krismasi, nyuma ya mlango wake.

Nikamwambia leo si safari, ni majaribio. Akasema vizuri, hata yeye alitaka kujaribu. Tumezunguka kilima mara mbili. Ameongea mara mbili. Nilipoingia ndani nililia, kwa hasira, na pia kwa kitu kingine ambacho leo sina nguvu ya kukitafutia jina.

Jumapili, 22 Januari

Tumetembea mpaka Kanyangi na mizigo yetu yote, kwa binti ya Kalondu, kupima miguu. Njia nzima jua na vumbi. Miguu iko sawa. Masikio yangu hayako sawa.

Binti yake ni mpole, hasemi sana. Nilimsaidia kukuna nazi ya wageni — mumewe ana ndugu Mombasa — nikamwuliza kwa utani kama mama yake alizaliwa akiongea. Akaniambia hapana. Mama yake alikuwa kimya kabisa, baba yao ndiye aliyekuwa redio ya nyumba. Alipokufa mama alikaa wiki nzima hasemi kitu, wakaogopa. Halafu siku moja akaanza, na hajaacha. Akasema hafikirii mama yake anajua.

Sikutaka kuambiwa hivyo. Sasa hata kumwambia nyamaza siwezi.

Ijumaa, 27 Januari

Vita vya chakula. Jabiri alisema mchele, unga, maziwa ya unga, vitu vya kuiva upesi. Kalondu anasema hawezi kwenda mahali pa baridi bila muthokoi. Mahindi ameyatwanga mwenyewe, ameyapepeta, meupe kama meno. Gunia dogo. Nimemweleza uzito. Akasema yeye ndiye atakayeyabeba. Nikamweleza kuni. Akasema huko ni msitu, kwani kuni hazipo?

Nimeacha. Mtu akiwa na imani na muthokoi huwezi kumhubiria.

Jumatatu, 6 Februari

Kesho. Mbuzi nimempeleka kwa jirani wa chini. Ufunguo ni kwa Pasta. Mwethya wamekuja jioni kutuaga, wametupangia zamu ya maombi. Mwanahamisi ametuma soksi nne za sufu na limau kavu, na neno kwamba ameambiwa nilivyolikata lile begi, tutaongea nikirudi.

Nimechoka hata kabla ya kuanza. Lakini ni uchovu mwingine huu, una njaa ndani yake.

Jumatano, 8 Februari, getini

Tumelala Chogoria jana. Leo lori la mbao limetupitisha msituni, limetushusha karibu na geti, ukungu unatambaa kwenye mianzi. Renja alitutazama, mabibi wawili na mikanda kichwani. Akauliza wanaume wetu wako wapi. Kalondu akajibu, "Wamekufa." Renja akatuandika wajane.

Kiongozi tumempata, Mchuka wa hapa hapa, wa makamo, mtu wa maneno machache. Nimempenda mara moja.

Muthokoi. Kalondu ameuweka motoni tulipofika. Umechemka mchana wote, maji yanaruka, kuni zinaisha, na kila akionja ni changarawe. Kiongozi alivumilia, mwishowe akasema kwa upole kwamba huku juu maji yanachemka lakini hayana moto wa kutosha, mahindi kama hayo hayataiva hata yakikaa mpaka Jumapili. Alitupa ugali wake. Mimi nilikula. Kalondu alikataa, akasema sufuria ndiyo mbovu. Ametafuna mahindi magumu hivyo hivyo kidogo, akalala na njaa na aibu. Ningecheka nisingekuwa nimechoka.

Alhamisi, 9 Februari, kambi ya kijito

Nyasi siku nzima, na miti ya ajabu, kama kabichi iliyopachikwa juu ya mgomba. Baridi kavu. Mzigo umekaa sawa. Kichwa kinagonga kidogo nikiinama, basi.

Kalondu aliongea asubuhi yote, lakini pole pole, akivuta pumzi kati ya neno na neno. Mchana alisema apumzike kidogo na kiongozi, mimi nitangulie niwangoje ukingoni. Nilikwenda peke yangu. Kuna bonde pale limekatwa wima, na ziwa dogo chini kabisa. Nikaketi. Hakuna aliyeniita Sista. Hakuna mtoto, hakuna mlango, hakuna jogoo. Upepo na mimi.

Nilifurahi. Naandika wazi kwa sababu sikumbuki lini nimeliandika hilo neno mara ya mwisho. Nilifurahi mpaka meno yakauma.

Kesho kibanda cha juu. Kesho kutwa tunapita bega la mlima na kushukia upande wa pili, Naro Moru.

Ijumaa, 10 Februari, kibanda cha juu

Tumefika saa nane mchana. Kibanda cha bati, vidimbwi vya maji, mawe. Kilele kiko hapo mbele, karibu hivi kwamba nyufa zinaonekana. Mbingu ya juu ni safi. Kiongozi anasema kesho itakuwa nzuri.

Kalondu hajasema neno tangu asubuhi.

Mwanzoni nilishukuru. Nilikuwa mbele, nikasikia upepo na buti zangu tu, nikasema, hatimaye. Nikatembea na kimya hicho mpaka kwenye mawe makubwa nikikionja. Nilipogeuka, kiongozi alikuwa amesimama, na Kalondu ameketi njiani amevua buti moja, ameishika, hajui ni ya nini.

Ametapika mara mbili. Midomo imekuwa ya buluu. Nimemwambia atembee mguu mbele ya mguu kwenye ufa wa sakafu, ameyumba, nimemdaka. Nimemwambia anitajie wanawake wa mwethya. Ametaja wanne, akasimama, akanitazama kama mimi ndiye niliyewaficha wengine.

Najua ni nini. Jabiri alinieleza, na hata asingenieleza. Ashushwe. Si kesho.

Kiongozi anasema wengi hulala hivyo na asubuhi wanaamka sawa. Bonde tulilopandia limejaa ukungu, njia iko ukingoni, tungoje asubuhi. Alipokuwa anasema hivyo nilitamani aendelee kusema. Alale tu. Aamke sawa, na mimi niwe juu. Tukishuka leo hakuna mara nyingine, mwisho wa mwezi Kiema anakuja na gari. Bega la mlima ni pale. Hata mimi na magoti yangu ningefika pale.

Nimeketi kando yake naandika badala ya kufanya. Vidole havisikii kalamu.

Amefungua macho sasa hivi. Neno moja moja, kwa Kikamba, kama mtu anayeokota nafaka: niende. Amesema yeye atangoja hapa na kiongozi. Amesema, "Ulitaka peke yako. Nilijua tangu ile asubuhi ya mzigo." Akafumba macho.

Alijua. Akaenda akachukua begi lake, akaja nyuma yangu mpaka hapa.

Nimemwambia kiongozi tunashuka. Amesema ukungu. Nimesema nimezalisha wanawake gizani kwenye mvua ya mawe, aniletee kamba. Koti langu nimemvalisha yeye juu ya lake. Vitu vyote tunaviacha. Kiongozi anafunga kamba kiunoni mwake, polepole sana, ananitazama kama nitabadilisha nia. Nikiinua macho, kilele kipo pale. Natazama upande mwingine.

Asilale. Akilala nampoteza. Kwa hivyo naongea. Nimemweleza Pasta na magoti yangu. Nimemweleza kwamba Nairobi naiogopa, kwamba sitaki kulea tena, na sijamwambia mtu yeyote. Nimemweleza Ndolo alivyokuwa akikoroma. Sikujua nina maneno mengi hivi. Nikiendelea jicho lake linasogea, nikinyamaza linasimama.

Kiongozi amesema tuko tayari. Ukungu umefika mlangoni.

Nimeishiwa. Nimemshika uso nikamwambia zamu yake sasa, aongee, chochote, hata kile nilichokisikia mara mia. Nimemwomba kabisa. Midomo inasogea. Nimeinamisha sikio.